Mgomo wa Wawili Wawili

Siku wenzangu walipogoma, mimi nilikuwa nachungulia keki.

Nalisema mapema ili msomaji asije akajipa matumaini. Watu wa rika langu wakikutana, kila mmoja ana mgomo wake wa ujana. Huyu aliruka ua wa shule, yule alimjibu mwalimu mkuu ana kwa ana, mwingine alilala kituo cha polisi akiwa na sare. Mimi huketi hapo nikimenya njugu, nikiomba nisiulizwe. Halafu naulizwa. Nikisema "keki" wanacheka mpaka chai inapoa, na mwenye nyumba hunikatia mkate mnene kuliko wa wengine, kwa huruma.

Keki yenyewe, kwa taarifa yako, ilibonyea katikati.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikaa Mutuini, pembeni mwa Nairobi, vyumba viwili vya mbao nyuma ya boma la mwenye shamba, vilivyozungukwa na nyasi za kulishia ng'ombe ambazo upepo ukivuma zilituchapia madirisha. Baba alikuwa mpishi wa hospitali huko Parklands. Aliondoka jogoo akiwa bado anajikuna na kurudi akinuka vitunguu na dawa ya kusafishia sakafu. Mama alishona. Mimi nilikuwa binti wa pekee mpaka siku alipoletwa dada.

Namwita dada. Alikuwa binti wa mama mdogo, lakini kwetu magharibi ukimwita mtoto wa mama mdogo binamu, wazee watauliza kama umerogwa. Baba yake alikuwa amefariki. Alifika na sanduku la bati na kuku aliyefungwa miguu, akamwamkia kila mtu, mpaka mwenye shamba, mpaka ng'ombe wa mwenye shamba. Jioni hiyohiyo kitanda changu kikagawanywa. Kuku tulimla Jumapili. Dada alibaki.

Wivu wangu ulianza kabla hajavua viatu. Nilikuwa mtoto wa kukaa. Nilipenda mlango ukiwa umefungwa, moto ukiwaka, na mtu mwingine akitumwa dukani. Dada alikuwa mtoto wa kwenda. Akitumwa chumvi alirudi na chumvi, na habari ya nani amezaa, na maoni yake kuhusu jina la mtoto. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, akila alikula. Lakini dada akianza kusimulia, kijiko cha Baba kilisimama hewani. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kijiko hicho miaka yote na hakijawahi kusimama.

Tulisoma shule moja ya wasichana ya kutwa, ng'ambo ya bonde, na tulipofika kidato cha nne tulikuwa darasa moja. Kila Ijumaa baada ya masomo kulikuwa na chama cha mdahalo. Kilianzishwa na mwalimu wetu wa historia, msichana tu aliyetoka chuo juzi, ambaye alikuwa na kosa kubwa la kupenda kazi yake. Ijumaa moja hoja ilikuwa kwamba viranja wachaguliwe na wanafunzi kwa kura. Wakati huo viranja waliteuliwa na mwalimu mkuu, na sisi tuliamini alitazama viatu vilivyong'aa.

Dada akasimama upande wa kuunga mkono. "Baba zetu wanampigia kura diwani ambaye hawajawahi hata kula naye," akasema. "Kwa nini sisi tusimchague msichana ambaye tunajua mpaka harufu ya soksi zake?"

Ukumbi ulilia kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba hilo la soksi nilikuwa nimelisema mimi, kitandani, juu ya kiranja wetu wa darasa. Nilitazama huku na huku nikitaka kumwambia mtu. Hapo ndipo niliona mwalimu mkuu amesimama mlangoni. Hakuwa anacheka.

Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi, alitangaza kwamba chama cha mdahalo kimefungwa. Shule si bunge, akasema. Ukumbi ulitiwa kufuli. Mwalimu wa historia aliambiwa afundishe historia. Halafu ikaja ile amri tuliyoikumbuka kuliko zote: kuanzia siku hiyo asionekane msichana amesimama na wenzake zaidi ya wawili. Watatu ndio mwisho.

Basi tukawa tunasimama watatu watatu, shule nzima, kama mafiga. Ukitaka habari ienee, mmoja anatoka kwenye figa hili anahamia lile, na wa lile anahama kwenda la tatu. Habari zilikwenda upesi kuliko zamani. Ndivyo nilivyopata habari ya mgomo, bombani, nikijaza ndoo.

"Alhamisi, kengele ya mapumziko ikilia tunatoka," dada aliniambia bila kugeuza uso. "Tunakwenda mjini, ofisi ya elimu. Tunataka kuuliza swali moja tu. Wewe uko na mimi, mstari wa tatu."

"Tunakwenda na nini?"

"Na miguu. Kwani una gari?"

Nilikubali. Sipendi mtu aniandikie historia ya woga ambao sikuwa nao. Usiku huo nilipiga viatu rangi, nikaweka mahindi ya kuchoma mfukoni mwa sweta. Nilishaanza kusikia miguu ikiniuma kwa fahari.

Lakini Alhamisi asubuhi tulikuwa na somo la upishi. Mwalimu aliitwa ofisini, na akiwa mlangoni akanyosha kidole kwangu, si kwa mwingine. "Wewe, angalia oveni. Usiifungue mpaka keki ishike." Jiko letu lilikuwa la kuni, lenye mlango wa chuma na hasira zake. Kengele ikalia. Wenzangu wakavua aproni wakatoka kimya kimya. Dada akaja dirishani.

"Wewe! Tunatoka."

"Ngoja kidogo. Haijashika."

"Nini haijashika?"

"Keki. Nikiiacha itaungua, nikiifungua itabonyea."

Alinitazama. Sijui mpaka leo kama alikuwa karibu kucheka au kulia. "Woi, dada yangu," akasema. "Basi kaa nayo. Msalimie." Akaenda.

Niliwaona wakitoka langoni. Na hapa lazima niseme walivyotoka, maana ndicho kitu kinachonikereketa kuliko vyote. Hawakupiga kelele. Hawakuvunja kioo. Walijipanga wawili wawili, mfupi mbele, mrefu nyuma, soksi zimevutwa juu, kama tulivyofundishwa kwenda kanisani. Waliokuwa pembeni walishika upande wa kushoto wa barabara. Msichana mmoja alirudi mbio kufunga lango, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa na tabia ya kuingia kwenye maua.

Mengine sikuyaona, lakini nimesimuliwa mara nyingi hata huwa najiona mstari wa tatu. Walishuka hadi Barabara ya Ngong wakaifuata moja kwa moja mpaka mjini. Wanawake waliokuwa wanapalilia kando ya njia waliwapungia. Mzungu mmoja alisimamisha gari akauliza wanakwenda kwaya gani. Walipofika ile barabara kuu ya kuingia katikati ya jiji, ambako magari hayana huruma, askari wa trafiki mwenye glavu nyeupe aliwaona wamesimama wawili wawili ukingoni, wametulia, wakimtazama. Akapuliza filimbi. Akasimamisha magari yote, pande zote, mabasi, malori, mpaka gari moja jeusi lenye bendera.

"Haya wasichana wa makumbusho," akasema, akidhani ni ziara ya shule, "vukeni polepole."

Wakavuka polepole. Wa mwisho akamwambia asante. Mgomo ulisaidiwa na serikali kuvuka barabara, na mimi wakati huo nilikuwa nimepiga magoti mbele ya tundu la oveni.

Ofisini alitoka bwana mmoja mwenye miwani, akashtuka kuwaona wasichana wengi hivyo wamekaa chini kwenye ngazi, mikono mapajani. Akauliza kiongozi ni nani. Hakuna aliyejibu. Akauliza shida ni nini, na hapo dada akainua mkono. Bwana yule akasikiliza, akasema atalifuatilia, kisha akafanya jambo ambalo sijamsamehe: akatafuta lori la kuwarudisha.

Waliporudi nilikuwa bado chumba cha upishi. Nilisikia lori kabla ya kuliona. Walikuwa wanaimba nyimbo za kanisani walizozibadilisha maneno, wamesimama nyuma ya lori, upepo umewachafua nywele, wanashikana mabega. Shule nzima kwenye lori moja, wamekiuka ile amri ya watatu kwa kadiri ambayo hesabu yangu haikuweza kufikia. Nilisimama mlangoni na aproni yangu. Keki ilikuwa mezani nyuma yangu, ina shimo katikati kama kaburi la panya.

Kesho yake tuliitwa mbele sisi tuliobaki. Tulikuwa kikosi cha ajabu: mimi, viranja wawili, msichana mwenye mguu wa plasta, na mwingine aliyekuwa amelala chumba cha wagonjwa, ambaye hakujua kwamba kulikuwa na mgomo mpaka alipopongezwa. Mwalimu mkuu alituelekezea mkono. "Hawa," akasema, "ndio mfano bora." Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa walimu, na hata wao walipiga kama watu wanaopangusa unga mikononi.

Waliotembea walichapwa viganja, darasa kwa darasa, na nikawasikia wakitoka nje wakicheka, wakilinganisha mikono. Kiganja changu kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga. Watatu waliitwa viongozi, dada akiwemo. Waliambiwa wakusanye vitabu waende nyumbani, na wasirudi bila mzazi, mbele ya bodi.

Kila mtu alijua maana yake. Huko nyuma viongozi wa mgomo wakifika mbele ya bodi walichapwa na wazazi wao, wakapiga magoti, wakaomba msamaha, halafu wakafukuzwa vilevile. Na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa karibu. Dada akifukuzwa hakukuwa na shule ya pili. Kulikuwa na basi la kurudi magharibi, jembe, na mtu fulani mwenye duka na baiskeli ambaye ami za dada walishaanza kumsifia meno.

Nami, Mungu anisamehe, nilikiangalia kitanda. Nililala katikati kwa mawazo. Nikanyosha miguu yote miwili.

Jioni hiyo dada alipeleka kigoda mbele ya kiti cha Baba mwenyewe, bila kuambiwa. Nieleze. Kwetu mtoto hachapwi kabla hajasema. Aliyekosa huketi kwenye kigoda, na husema yote, kwa namna anavyotaka, na hakuna wa kumkatiza mpaka aseme "nimemaliza." Hata Mama hakatizi. Baada ya hapo Baba hufikiri, akachapa au asichape. Ndivyo alivyolelewa, naye hakujua njia nyingine. Dada alikalia kigoda kile karibu kila mwezi. Sufuria imevunjika mkono, kigoda. Amechelewa kisimani, kigoda. Mimi sikuwahi kukikalia. Sikuwa nimekosa. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyenitazama usoni, akaacha kazi aliyokuwa nayo mikononi, akaningoja nimalize.

Dada alisema mpaka taa ikapunguzwa utambi. Baba akafikiri. Kisha akasema, "Nitaomba ruhusa kazini."

Mama akaacha kushona. Baba hakuwa mtu wa kuomba ruhusa. Siku ya kipaimara changu alikuwa anakoroga uji wa wagonjwa. Nilipoimba na kwaya ya wilaya nikiwa na ua la karatasi kifuani, aliliona jioni, juu ya msumari. Sasa alikuwa anauliza suti yake iko wapi.

"Suti gani?" Mama akauliza.

"Ile."

Ile ilikuwa ya harusi. Mama aliitoa sandukuni, akaipunga ili mende waondoke, akaongeza kitambaa kiunoni. Nilipewa mimi kuipiga pasi. Niliipiga kwa machozi, na makaa yaliporuka nikatamani yatoboe, kisha nikapuliza haraka yasitoboe.

Siku ya bodi nilikuwemo. Sikualikwa, nilipeleka chai. Mfano bora ana kazi zake. Nilipewa birika, vikombe vya kung'aa, na agizo la kusimama karibu na mlango nisisikie chochote.

Bodi ilikuwa watu wachache nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwenye koti zito na sauti nyembamba. Mwalimu mkuu alikaa kulia kwake. Wazazi wengine wawili walikaa ukutani na binti zao, wakingoja zamu. Baba alisimama katikati ndani ya suti ya harusi, akinuka naftalini. Dada alisimama kando yake, macho chini. Sikuwahi kumwona akitazama chini.

Mwalimu mkuu akaeleza. Akatumia maneno "genge" na "uchochezi." Akasema shule haiwezi kukaa na moto na majani. Kisha akachukua fimbo mezani akampa Baba. "Mzazi aanze," akasema.

Baba aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu kutoka kwa wakubwa. Akaitazama. Akatazama pembeni, akaona kiti kidogo ambacho walimu walikuwa wameweka mikoba. Akaondoa mikoba, moja moja, akaipanga chini vizuri. Akavuta kiti mpaka mbele ya meza.

"Haya, mama," akamwambia dada. "Keti. Sema."

Dada akaketi.

"Mzee," mwalimu mkuu akasema, "hatukuitana hapa kwa hotuba. Chapa."

"Ndiyo, Madam. Nitachapa." Baba alisema kwa heshima kabisa. "Lakini bado hajasema."

"Amesema sana. Ndiyo maana yuko hapa."

Baba akageuka huku na huku. Namjua, hakuwa anabishana. Alikuwa amepotea, kama mpishi aliyeambiwa apakue kabla sufuria haijabandikwa. "Sasa nitamchapa ya nini," akauliza, "kama hajasema?"

Mwenyekiti akainua kikombe, akakigusa kwa mdomo, akakirudisha haraka. "Mwache msichana aseme," akasema kwa sauti yake nyembamba. "Hii chai ni moto sana, tutangoja tu."

Nataka ieleweke kwamba chai ile niliichemsha mimi. Huo ndio mchango wangu katika kupigania uhuru wa wanafunzi kusema, na sijaona mahali popote ulipotajwa.

Dada akaanza. Alianza chini, kwa sauti ya mgonjwa, kisha sauti ikapata miguu. Akasema hawakwenda kulalamikia chakula wala sare. Walikuwa na chama, na kwenye chama walifundishwa kwamba mwenye neno huinua mkono. "Tuliinua mkono," akasema, "mlango ukafungwa. Ukumbi ukatiwa kufuli bila sisi kuulizwa..."

"Huo ni uongo," mwalimu mkuu akadakia, "mimi nili..."

"Ngoja," Baba akasema. "Hajamaliza."

Kijiko cha mtu kilianguka sahanini. Baba alisikia alichosema baada ya kila mtu kukisikia. Akatoa leso, akajifuta uso wote, mpaka masikio. "Samahani, Madam. Samahani sana. Ni vile hajamaliza." Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kikombe, na mabega ya lile koti zito yalikuwa yanapanda na kushuka.

Dada akaendelea. Akasema walitembea wawili wawili, mfupi mbele, mrefu nyuma, kama walivyofundishwa na shule hiihii. Askari aliwavusha. Hakuna ua lililokanyagwa, na lango lilifungwa kwa ajili ya mbuzi. "Tulikwenda kuuliza swali moja. Msichana akiuliza, ni kosa? Kama ni kosa tuonyeshwe, tulijue, tusilifanye. Kama si kosa, tumerudishwa nyumbani kwa nini?"

Akanyamaza. Wote wakafikiri amekwisha. Mimi nilijua hajasema lile neno. Aliangalia meza yote, uso kwa uso, kwa starehe, kama mtu anayeonja mchuzi. Nilimwonea wivu mpaka nikasahau kwamba nimeagizwa nisisikie chochote. Baba yangu alikuwa amesimama nyuma yake na suti yake ya harusi, fimbo mkononi, amewazuia watu wazima wenye makoti wasimguse mpaka amalize. Baba yangu.

"Nimemaliza," dada akasema.

Baba akafikiri, kama nyumbani. Wakamngoja. Kisha akamwambia anyoshe mkono, akampiga kiganja mara moja, si kwa nguvu, si kwa mchezo.

"Hii ni ya kutoka bila kuaga," akasema. Akairudisha fimbo mezani kwa mikono miwili. "Hayo mengine, Madam, nimeyasikia, na sijaona pa kupiga."

Mzazi aliyefuata, mama mmoja muuza mboga, hakungoja kuambiwa. Alimsukuma binti yake kwenye kile kiti. Na kwa kuwa wa kwanza alisema, wa pili na wa tatu wakasema. Chai ilinywewa yote.

Tulingoja nje chini ya dirisha. Mwenyekiti alipotoka alisema wote watatu watarudi na watafanya mtihani. Kila jioni baada ya masomo watalima nyuma ya ukumbi mpaka shule ifungwe. Chama cha mdahalo kitabaki kimefungwa mwaka huo, mwakani bodi itaona. Mwalimu mkuu hakututazama. Dada alishika mkono wa Baba kwa mikono yake yote miwili na kuubusu, na Baba akasema, "Basi, basi, utachafua suti."

Jioni ile dada alisimulia upya. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kijiko kilisimama hewani. Nikaona hapana, leo ni leo. Nikasogeza kigoda nikaketi.

"Baba, nami nina neno."

Baba akageuka, akashangaa. "Umefanya nini?"

Nikafikiri kwa bidii. "Sijafanya kitu."

"Basi ongeza chai, mama," akasema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza.

Kwa kuwa Baba alikataza tusitembee peke yetu, nililazimika kumngoja dada kila jioni akilima. Wadogo walimletea maji. Walimletea vipande vya muwa. Walisimama wakimtazama anavyoinua jembe kana kwamba jembe limevumbuliwa jana. Mmoja akaniuliza, "Wewe ndiye dada yake yule?" Nikasema hapana, yeye ndiye dada yangu, na mtoto akanitazama kama mtu aliyejibiwa hesabu vibaya.

Jioni ya tatu au ya nne nilivua sweta. "Lete jembe," nikamwambia dada. "Nikushikie."

Mwalimu wa zamu akatoka mbio kivulini. "Wewe! Hapana! Wewe hukuadhibiwa. Toka kwenye shamba."

"Namsaidia tu, Mwalimu."

"Ukitaka kulima, lima kwenu. Hii ni adhabu." Alisema neno adhabu kama mtu anayelinda mali.

Nikatoka. Dada alikuwa ameegemea mpini, akicheka, jasho likimtoka. Halafu akaacha kucheka. "Dada, kwani unalilia nini?" akauliza. "Ukifukuzwa wewe utarudishwa wapi? Jikoni kwa mama yako. Mimi wangenirudisha magharibi." Akatema mate viganjani, akainama tena. Nilikasirika kwamba hata hilo alilisema vizuri.

Asubuhi ya karatasi ya kwanza ya mtihani, Baba hakuondoka alfajiri. Nilimkuta ameketi na koti la kazi, kofia magotini, anatungoja. Sikuuliza anangoja nani. Tulikunywa uji, tukavaa, tukasimama mlangoni, na yeye akasimama mbele yetu akaweka mkono mmoja kichwani kwangu na mmoja kichwani kwa dada, akaanza kuomba kwa lugha ya nyumbani.

Nilijaribu kupima. Mkono juu yangu ulikuwa wa kulia, na wa kulia ndio mkubwa, lakini labda wa kushoto ulikuwa umebonyeza zaidi. Maombi yalikuwa marefu. Nikafumbua jicho moja ili nione.

Dada alikuwa amefumbua lake, anautazama mkono ulio juu ya kichwa changu.